Mtamba Aliyegeuka Kompyuta

Asubuhi za Yasinta zilianza na kuku. Kabla hajanawa uso vizuri, alikuwa ameshawamwagia pumba, ameshawabadilishia maji, na ameshagombana na jogoo mmoja mwekundu aliyejiona ndiye mwenye nyumba. Baba yake, Mzee Mazengo, alikuwa mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji mjini Manyoni. Aliwanunua vijijini, akawapanga kwenye matenga, kisha akawapeleka stendi kupakiwa kwenye mabasi ya Dodoma na Dar es Salaam.

"Shikamoo baba," Yasinta alisema asubuhi hiyo, huku akijipangusa mikono kwenye kanga.

"Marahaba mama. Hebu njoo unipimie huyu."

Mzee Mazengo hakuwa na mzani. Mzani wake ulikuwa mkono. Yasinta alimpokea kuku mweusi, akamshika chini ya kifua kama alivyofundishwa, akafumba macho.

"Manyoya matupu, baba."

Baba alicheka, akamrudisha kuku bandani akanenepe kwanza. Yasinta alikuwa darasa la sita, na hakuna kitu kilichompendeza kama kumchekesha baba yake kabla ya kwenda shule.

Ila siku hizo kilikuwepo kitu kingine kilichomfanya akimbie kurudi nyumbani kengele ya mwisho ikilia, nacho ni dada yake Martina. Martina alikuwa amemaliza chuo huko Dodoma, alikosomea kompyuta, akarudi na wazo lililoishangaza nyumba nzima. Alitaka chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, kiwe chumba cha gemu. Watoto waje, walipe sarafu zao, wacheze mpira na mbio za magari kwenye kompyuta.

Miaka hiyo kila aliyekuwa na chumba cha mbele alikuwa anakifungulia mlango barabarani. Mmoja kafungua saluni, mwingine anachaji simu za watu, mwingine anaonyesha video. Mzee Mazengo aliyaona yote hayo akatikisa kichwa. "Sisi enzi zetu tulipanga foleni ya sabuni," alisema. "Leo binti yangu anataka kupanga watoto foleni ya kucheza!"

Lakini Martina hakuomba kwa kulialia. Alikaa na baba yake jioni, akamweleza jambo lote polepole, akajibu kila swali, na pale asipojua alisema hajui. Mwishowe Mzee Mazengo alikwenda zizini kwa ndugu yake, akamtoa mtamba wake mmoja, akamuuza mnadani. Kwa Mgogo, kuuza mtamba ambaye bado hajazaa si jambo la mchezo. Majirani walisema sana, na aliyesema zaidi ya wote alikuwa Mzee Damiani, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye alimuuliza kama hiyo kompyuta itatoa maziwa.

"Nimekuamini, Martina," baba alisema siku alipomkabidhi fedha. "Lakini tuelewane. Chumba hicho kisipofanya kazi mpaka likizo ya Juni iishe, kompyuta itauzwa, na wewe utakwenda Dar es Salaam kwa mjomba wako, ukakae naye dukani."

Yasinta aliyasikia hayo akiwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Dada yake alikuwa ndiyo kwanza amerudi, na tangu arudi nyumba ilikuwa imechangamka kama ya sikukuu. Asingeweza kumpoteza tena. Kuanzia siku hiyo aliitaka hiyo kompyuta kuliko Martina mwenyewe.

Kazi ya kuchagua vifaa ilianzia jikoni. Martina alichukua ungo, akamimina kunde katikati, akamwita Yasinta akae mbele yake. Antipasi, jirani yao aliyesoma darasa moja na Yasinta, alikuwa amekuja kuazima rula. Alipoona kunde, aliisahau rula, akakaa naye.

"Hizi kunde ndiyo pesa ya mtamba," Martina alisema. "Haziongezeki. Ukizidisha huku, umepunguza kule. Sasa tuijenge kompyuta yetu."

Akaanza kutenga vifungu pembezoni mwa ungo, kila kimoja akikitaja jina. Hiki cha prosesa, ndiyo inayofikiri. Hiki cha mazabodi, ubao ambao wenzake wote wanakaa juu yake. Hiki cha RAM, inayoshika mambo ya sasa hivi, na hiki cha hadidiski, ghala la mambo yote. Hiki cha kadi ya picha, ambayo ndiyo inayomchora mchezaji akikimbia na nyasi zikitikisika. Hiki cha pawasaplai, inayopokea umeme wa ukutani na kumgawia kila mmoja wao kiasi chake. Cha kasha, nyumba yao wote. Na cha monita, ya kutazamia.

"Dada Martina," Antipasi alidakia, "kasha liwe lile lenye taa za bluu. Nililiona Dodoma, linawaka kama disko!"

"Haki ya Mungu, hilo hilo!" Yasinta akaunga mkono. Akachota kunde kwenye kifungu cha pawasaplai, akazipeleka kwenye kasha.

Martina hakuwakatalia. Aliutazama ungo, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Mmepata disko. Sasa Antipasi, unacheza mpira, umebaki wewe na golikipa. Kadi ya picha inaomba umeme wa kutosha, pawasaplai inasema haina. Kompyuta inazima. Mtatazama taa?"

Wale wawili wakatazamana. Yasinta akazirudisha kunde alikozitoa, moja moja, kwa aibu kidogo. Kasha likabaki la kawaida. Hata hivyo kadi ya picha ilikuwa bado dhaifu, na Martina akasema hilo ni lao kulitatua. Yasinta alizitazama kunde mpaka macho yakamuuma. Hatimaye akakigusa kifungu cha monita.

"Dada, lazima iwe ile nyembamba? Tukichukua ya chogo, ile nene ya zamani, ya mtumba, si itaonyesha mpira ule ule?"

Martina alimkumbatia pale pale, ungo nusura umwagike. "Mdogo wangu, hapo umefikiri! Chogo lina uzito wa gunia, lakini mezani litakaa, halitatembea." Zile kunde zikahamia kwenye kadi ya picha. Yasinta aliona fahari ambayo hakuwahi kuiona hata siku aliposhika nafasi ya pili darasani. Dada yake alikuwa na akili nyingi, na utamu wake ni kwamba hakuwa mchoyo nazo.

Jumamosi walikwenda Dodoma kwa basi, juu ya matenga ya baba yao. Yaani matenga yalikuwa kwenye buti na wao walikuwa kwenye viti, ingawa kelele ya kuku waliisikia njia nzima. Huko Martina alizunguka maduka bila haraka. Kila kifaa cha mtumba alitaka kiwashwe mbele yake. Muuzaji akisema "hiki kizima kabisa," yeye alijibu kwa upole, "Nakuamini kaka, kiwashe tu tufurahi wote."

Penye pawasaplai, muuzaji alileta mbili. Moja ilikuwa na rangi nyeusi ya kung'aa na stika ya moto, na bei yake ilikuwa ndogo. Nyingine ilikuwa ya kijivu tu, haina urembo wowote.

"Yasinta, pima," Martina alisema.

Yasinta aliishika ya kwanza kama alivyomshika yule kuku, akafumba macho. Kisha akaishika ya pili.

"Hii yenye moto ni manyoya matupu."

Muuzaji aliangua kicheko mpaka wateja wengine wakageuka. "Huyu mtoto mmemtoa wapi?" aliuliza. Martina akamweleza mdogo wake kwamba pawasaplai nzuri ina shaba na vyuma vingi ndani, ndiyo maana huwa nzito, na kwamba njia ya baba yao inafaa hapa pia. Wakachukua ile ya kijivu.

Siku ya kuiunganisha, Yasinta hakubanduka mezani. Martina alivua saa na pete, akashika kwanza nondo ya dirisha ili mwili wake usibaki na umeme mdogo unaoweza kuunguza vifaa, kisha akaanza. Aliiweka prosesa mahali pake kwa ncha za vidole, akabana feni juu yake, akaingiza RAM mpaka ikalia kidogo, akapitisha waya nyuma ya kasha zikae kwa adabu. Mzee Mazengo alipita mlangoni mara kadhaa akijifanya anatafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. Martina alipobonyeza kitufe, feni zikavuma, monita ikapiga mwanga, na Yasinta akapiga kelele hadi mama yao akatoka jikoni na mwiko.

Mama yao aliitwa Rahabu. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono isiyokaa bure, na nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma. Televisheni ilikuwa nacho, meza ilikuwa nacho, hata jagi la maji lilivaa kofia yenye shanga. Viti vya sebuleni vilikuwa bado na nailoni za dukani, na miezi ya joto mgeni aliposimama, nailoni ilisimama naye. Hakuna aliyethubutu kuzitoa, maana ndizo zilizotunza viti.

"Martina," mama alisema, "hiki chombo cha mtamba mzima hakiwezi kukaa hivi hivi. Mtu akiingia atasema nyumba hii haina mwanamke."

"Kweli vumbi la Manyoni ni adui yake, mama," Martina alijibu. "Ikizimwa, ifunikwe."

Mama alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau, akakipima kwenye kasha kama anayemshonea mtoto gauni la kipaimara. Kilikaa vizuri kila upande. Yasinta naye akataka mchango wake. Lilikuwapo godoro jipya ndani, bado limo kwenye nailoni. Akaomba kipande, akakikata, akakivalisha kasha kwanza, juu, ubavuni na nyuma, akakifunga na mpira kwa nyuma na kuacha tundu dogo la kupitishia waya. Juu yake akavisha kitambaa cha mama. Nailoni ile haikuonekana kabisa. Hakumwambia mtu, alitaka siku moja Martina ashangae vumbi limekwama wapi.

Chumba kilifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya likizo. Asubuhi hiyo Martina alitaka kukiondoa kitambaa, lakini alipomwona mama yake amesimama pembeni, amevaa kitenge kipya, akiyatazama yale maua yake, moyo wake ulilegea. Kitambaa cha kufuma kina matundu, aliwaza, hewa itapita. Akakikunja kidogo tu mbele, kitufe kionekane.

Watoto walijaa mpaka dirishani. Martina aliwasomea masharti: hakuna kucheza saa za masomo, na shule zikifunguliwa, asiyeonyesha kazi ya nyumbani hachezi. Wakaitikia wote, kama watoto wanavyoitikia jambo lolote wakitaka kitu. Wazee nao walikuja kutazama, Mzee Damiani akiwa mbele kabisa.

Antipasi na Yasinta ndio walioanza. Mpira ulichezwa! Wachezaji walikimbia, nyasi zilitikisika, watoto walishangilia kana kwamba wako uwanjani kweli. Mzee Mazengo alijishika kiuno, akatabasamu. Ndipo, Antipasi akiwa anaelekea golini, monita ikawa nyeusi. Feni zikanyamaza.

Martina akaiwasha tena. Ikacheza kidogo, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima upesi zaidi.

"Mazengo," Mzee Damiani alisema, "naona mtamba wako amelala."

Watu wakacheka. Mzee Mazengo hakucheka. Aliivuta kofia yake vizuri, akatoka nje bila kusema neno, na Yasinta aliona bora angegomba.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Yasinta aliwahi kulivua kasha nguo zake zote, Martina akalipeleka chumbani kwake, akalifungua, akakagua kila kifaa. Ajabu ni kwamba huko chumbani, likiwa limefunguliwa, kompyuta ilifanya kazi kutwa bila kuzima. Wakati yeye anakagua ndani, Yasinta, msaidizi mwaminifu, alikuwa anakung'uta nailoni na kitambaa uani. Kasha likirudi chumba cha mbele, aliwahi yeye kulivalisha upya. Watoto wakija, inazima. Martina aliulaumu umeme, lakini taa za majirani zilikuwa hazipepesi. Mwishowe akaanza kuishuku pawasaplai.

Yasinta alipolisikia hilo, chakula kilimshinda. Pawasaplai ile yeye ndiye aliyeichagua kwa mkono wake. Kumbe huenda alikosea, na kosa lake ndilo lililomwaibisha baba na kuiua kazi ya dada!

Watoto wakaacha kuja. Jumapili ya mwisho ya likizo, baada ya ibada, Mzee Mazengo alimwita Martina. "Nimeongea na mjomba wako," alisema kwa sauti ya chini. "Anakusubiri. Leo jioni nitampigia kumwambia siku ya kukupokea." Martina aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa baba." Kisha akaingia chumbani, akalitoa uvunguni begi lake la chuo. Yasinta alimfuata, akakaa kitandani, akalia wazi wazi bila kuficha uso.

"Usilie, Yasi. Dar si mwisho wa dunia."

"Kwangu mimi ni mwisho," Yasinta alijibu.

Mchana baba alimchukua Yasinta kwenda stendi akamsaidie kupakia kuku. Jua lilikuwa kali. Matenga yalipangwa kwenye buti la basi, na utingo mmoja mgeni, kijana mwenye nia njema kabisa, akachukua turubai akayafunika yote na kukaza kamba, vumbi lisiwapate kuku.

"Wewe!" Mzee Mazengo alipiga kelele ambayo stendi nzima iliisikia. "Unataka kuniulia?" Akalivuta turubai mwenyewe mpaka kamba ikakatika. "Kijana, kuku hafi kwa vumbi. Anakufa kwa joto! Kila mmoja hapa anatoa joto lake. Lisipopata pa kutokea, linawarudia wenyewe. Acha wapumue!"

Yasinta alisimama na tenga mkononi kama aliyepigiliwa misumari. Kila mmoja anatoa joto lake. Aliikumbuka nailoni ya godoro. Kila alipoivua kwenye kasha ilikuwa laini na ya moto, imegandana na bati, naye alidhani ni jua la dirishani. Chumbani kompyuta ilikaa uchi, ikafanya kazi. Chumba cha mbele ilivaa, ikazima.

"Baba, naomba niende nyumbani!"

"Kuna nini?"

"Kuku wa dada hawapumui!" Akaweka tenga chini na kukimbia, akimwacha baba yake anashangaa.

Njiani mbio zake zilipungua. Kulikuwa na jambo gumu mbele. Angemwambiaje mama yake kwamba gauni lile la maua, lililomchukua mama jioni zake zote, ndilo linaloizima kompyuta? Na nailoni je? Hakuna aliyejua habari za nailoni ila yeye. Angeweza kupenya kimya kimya, akaichomoa, akaitupa jalalani, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini basi dada angeendelea kuishuku pawasaplai, na angeondoka akiamini kazi ya mikono yake ilikuwa mbovu.

Aliwakuta chumba cha mbele. Mama alikuwa anakinyoosha kitambaa, Martina amekaa kitini na begi miguuni.

"Mama, shikamoo. Naomba tuivue nguo."

"Nguo gani tena?"

Yasinta alikiinua kitambaa, akaifungua ile nailoni, akaishika mbele yao kwa mikono miwili. "Hii niliiweka mimi. Sikumwambia mtu. Dada, vifaa vinatoa joto, na joto halina pa kutokea. Pawasaplai ni nzima. Kosa ni langu."

Martina aliruka kutoka kitini. Akaipokea nailoni, akatazama jinsi ilivyoziba sehemu yote ya nyuma pale feni inapotolea hewa. "Mungu wangu," alisema. "Nimetafuta ndani siku zote hizi, nami sikutazama nje!"

"Na kitambaa changu je?" mama aliuliza. "Nacho kinazima?"

Martina aliikunja nailoni polepole. Alikuwa anatafuta neno la kumfariji.

"Nacho pia, mama," Yasinta alisema polepole. "Kinaziba mbele, hewa inapoingilia. Ni kizuri sana, ila kompyuta haiwezi kupumua ndani yake."

Mama aliyatazama maua yake ya zambarau. Kisha akakivua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, akakikunja, akaenda nacho jikoni. Yasinta alitaka kumfuata, Martina akamshika bega.

"Mwache kidogo. Twende kazini."

Wakaiwasha. Yasinta akamwita Antipasi, naye akaja na wenzake. Wakacheza mechi ya kwanza. Wakacheza ya pili. Hakuna aliyeshangilia, kila mtu alikuwa anasubiri giza lile. Halikuja. Walipomaliza mbio za magari na kurudi kwenye mpira, jua lilikuwa limeshaanza kuinama na kompyuta inavuma tu. Ndipo Antipasi akafunga goli, na kelele zilizopigwa ziliwatoa watu madukani.

Mzee Mazengo aliporudi kutoka stendi alikuta mlango umejaa watoto. Alipita katikati yao, akasimama nyuma ya meza. Yasinta akamshika mkono, akaupeleka nyuma ya kasha, penye feni. Upepo wa vuguvugu ukampiga baba kwenye kiganja.

"Inatoa joto lake," baba alisema kwa mshangao.

"Ndiyo baba. Tulikuwa tumeifunika turubai."

Akaelezwa yote, ya nailoni na ya kitambaa. Mama naye alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, lakini alicheka. "Niliivalisha kama mtoto," alisema, "wala sikuuliza kama inasikia joto. Basi kitambaa kitakaa mezani chini yake, na ikizimwa nitaifunika. Ikiwashwa, iacheni na uchi wake!"

Mzee Mazengo alivuta kiti akakaa, na watoto wakanyamaza.

"Nisikilizeni," alisema. "Kuchagua mlichagua vizuri. Hamkufuata taa wala stika, mlifuata kinachofanya kazi, na fedha ya mtamba haikupotea. Mlikosea baada ya hapo, na mlikosea kwa mapenzi. Ukikipenda kitu, usikitunze kwa namna inayokupendeza wewe. Uliza kwanza chenyewe kinahitaji nini. Ndivyo ilivyo kwa kuku, kwa kompyuta, na hata kwa mtoto." Hapo alimtazama Martina kwa muda. "Na huyu mdogo amefanya jambo ambalo wakubwa wengi linatushinda. Kosa lilikuwa limefichika, yeye amelishika mkononi akaja nalo mbele yetu. Angelificha, sote tungeendelea kutafuta kwenye giza. Mkikosea, fanyeni hivyo."

"Tulihesabu kunde za kila kifaa," Martina alisema, "tukasahau hewa, nayo ni ya bure."

Mzee Mazengo alitoa simu mfukoni. Yasinta alimwona anatafuta namba ya mjomba.

"Haloo, shemeji! Habari za huko Dar? ... Huku salama, kuku wako njiani. ... Ndiyo, ni kuhusu Martina. Nilisema jioni nitakupa jibu." Akamtazama binti yake mkubwa, ambaye alikuwa ameshika kibodi mikononi kama anayeogopa kunyang'anywa. "Hapana, shemeji, haji. Ana kazi."

Martina akainamia ile kibodi, akaanza kuifuta vumbi ambalo halikuwepo, na machozi yake yakadondokea juu ya herufi. Yasinta akavua kanga yake, akampa afute.